Sahihi kwenye Jezi Namba 13

Kiwanja ni mji wenye jina la mpira. Mgeni anayepanda kutoka Goma kwa barabara ya taifa namba 2, kilomita kama 70 kuelekea kaskazini, huuliza kwanza ni kiwanja gani hicho, cha ndege au cha kuchezea. Mimi jibu langu hulipata jioni, mvua ikishakatika, vijana wanapopanga mawe mawili huku na mawili kule na kuanza kukimbizana.

Wengi huvaa jezi za mtumba. Nimewahi kukaa kando ya uwanja nikisoma migongo yao kama mtu anayesoma gazeti: Messi, Ronaldo, Mbappé, Drogba aliyefuliwa mpaka amebaki herufi tatu. Mchezo ukaisha sijaona hata mgongo mmoja wenye jina la mtu aliyefunga mabao mengi kuliko mwingine yeyote katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika. Mtu huyo alikuwa Mkongomani. Jina lake Pierre Ndaye Mulamba. Rekodi yake ya mabao 9, aliyoiweka Misri mwezi Machi 1974, haijavunjwa hadi leo.

Nina ombi, na sitalizungusha. Wachezaji wa sasa wa Leopards, timu yetu ya taifa, na yeyote mwenye jezi, mpira au kiatu kilichotiwa sahihi na nyota wetu, wakitoe kwa jina la Ndaye, kikae mahali ambapo mtoto wa huku kwetu Rutshuru atakiona bila kulipa chochote.

Kwa wasiomjua, na najua ni wengi, tuanze na majina yake. Alizaliwa Novemba 1948 Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga. Mashabiki walimwita Volvo, kwa nguvu zake. Walimwita pia Mutumbula. Wazee wa Kongo wanalijua neno hilo: ni yule mnyakuzi wa usiku wa enzi ya Wabelgiji, anayekamata watu akawala, ndugu yake mumiani wa watu wa pwani. Mama alimtaja ili mtoto asitoke nje baada ya magharibi. Mabeki wa Afrika nzima walikuja kuelewa kwa nini mshambuliaji amepewa jina la kutishia watoto.

Mwaka 1973 alikuwamo katika kikosi cha AS Vita Club kilichotwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Mwaka uliofuata akaenda Misri na timu ya taifa ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo. Nusu fainali walikutana na wenyeji, na wenyeji wakatangulia kwa mabao mawili mbele ya watu wao. Zaire ikarudi ikashinda 3-2. Mawili kati ya hayo matatu yalikuwa ya Ndaye. Fainali ilikuwa dhidi ya Zambia, tarehe 12 Machi, ikaisha 2-2. Siku hizo bingwa hakuamuliwa kwa penalti, hivyo baada ya siku mbili timu zilirudi uwanjani na Zaire ikashinda 2-0. Hesabu mabao ya Zaire katika mechi zile mbili: manne. Mfungaji wa yote manne ni mtu mmoja.

Miezi mitatu baadaye timu hiyohiyo ilikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Ilifungwa 2-0 na Scotland, na hapo hapakuwa na aibu yoyote. Kisha wachezaji wakapata habari kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, waliingia kucheza na Yugoslavia wakiwa wamevunjika moyo. Mabao yakaanza kumiminika. Katika vurumai ya kulalamikia bao mojawapo, mchezaji wa Zaire alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi Omar Delgado wa Colombia aligeuka, akatoa kadi nyekundu, akamwonyesha Ndaye.

Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, beki namba 2, na mwenyewe alikiri. Ndaye alikuwa namba 13. Namba zilikuwa mgongoni, kubwa, na hakuna aliyezisoma. Mfungaji bora wa Afrika akatoka nje kwa kosa la mwenzake mchezo ukiwa bado haujafika hata nusu saa, na timu yake ikamaliza kwa kufungwa 9-0. Kila mara dunia inapokumbushwa kuhusu Zaire ya 1974, huonyeshwa Mwepu Ilunga akichomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira wa adhabu wa Brazil, watu wakacheka. Nimeiona picha hiyo mara nyingi mno. Mabao 9 ya Misri sijawahi kuonyeshwa na mtu. Ilinibidi niyatafute mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Ndaye kuhukumiwa kwa jina lisilo lake. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1994, Kombe la Afrika lilipochezwa Tunisia, alialikwa kuenziwa. Akarudi nyumbani. Majambazi walimvamia wakiamini kwamba mtu mashuhuri kama yeye hawezi kukosa fedha, wakampiga risasi mguuni, mguu uleule wa kazi. Alifichwa miezi kadhaa mpaka apone. Vita vilipoikumba nchi alimpoteza mwanawe mkubwa, na mwaka 1996 akakimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Kutoka Johannesburg akafika Cape Town, akapokewa na familia moja katika mtaa wa watu maskini.

Mwaka 1998 Kombe la Afrika lilikuwa Burkina Faso. Ilifika habari kwamba Ndaye Mulamba amekufa katika ajali ya mgodi wa almasi huko Angola. Uwanja ukasimama. Maelfu ya watu wakanyamaza dakika moja kumwombolezea. Ndaye mwenyewe wakati huo alikuwa hai Cape Town, hana kazi ya maana. Baadaye alipata ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho, akafundisha pia timu ndogo za mtaani. Bara zima lilimheshimu kwa kimya siku moja, na mwenye heshima hakuwa na habari.

Nikifika hapa katika kisa hiki huwa nakwama. Kumwombolezea aliyekufa ni wajibu. Lakini kuna nini kati yetu na mashujaa wetu hata mtu awe hai, mwenye jina, mwenye rekodi ambayo hakuna aliyeigusa, na pasiwe na hata mmoja wa kupiga simu kuuliza? Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipokuwa hukohuko Afrika Kusini, Makela Pululu alitoa filamu kuhusu maisha yake iitwayo Forgotten Gold. Ikasaidia watu kujua kwamba yupo. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi na kiti cha magurudumu. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 70.

Sasa nije kwenye jezi.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenganisha. Sahihi ni alama ya mkono wa mtu chini ya maandishi yake. Sahihi pia ni kitu kisicho na kosa. Mtu anapoweka sahihi anasema: huyu ni mimi, na hili ni kweli. Kwa mtu aliyetolewa uwanjani kwa kosa la mwingine na kuombolezwa kwa kifo kisichokuwa chake, sioni zawadi inayomfaa kuliko hiyo. Mkono wake mwenyewe umekwisha kuondoka, hatuwezi tena kuuomba. Tulichobaki nacho ni mikono ya waliomfuata.

Jezi iliyotiwa sahihi huwa na njia mbili. Ya kwanza ni mnada: kitu kinauzwa, fedha zinakwenda kwenye kaburi, matibabu au familia ya mchezaji. Ni njia ya heshima, na laiti ingetumika Ndaye alipokuwa anahitaji dawa. Ya pili ni kutoa kitu chenyewe kikae, kionekane, kisimulie. Leo nasimama na hii ya pili.

Kwamba kumbukumbu huletwa na watu wa kawaida, tazama Arthur Wharton. Alizaliwa Accra mwaka 1865, akawa mwanasoka wa kwanza mweusi wa kulipwa Uingereza na mkimbiaji aliyekwenda yadi 100 kwa sekunde 10. Akafa mwaka 1930, maskini, baada ya kufanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1997, na sanamu yake ikasimamishwa mwaka 2014. Hakuna serikali iliyoamka asubuhi ikamkumbuka. Watu wa kawaida walichangisha, wakaandika barua, wakabisha hodi kwenye milango.

Jirani zetu Waganda wana John Akii-Bua. Huko Munich mwaka 1972, akiwa na namba 911 kifuani na katika njia ya kwanza, njia ambayo mkimbiaji wa viunzi haiombi kwa sababu ya kona zake kali, alikimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya 48 kabla yake. Vita vya 1979 vilimfanya mkimbizi Kenya, mpaka kampuni ya Puma ilipomsaidia kufika Ujerumani. Namba ile 911 watu wa riadha duniani wanaijua mpaka leo. Namba 13 ya Ndaye hatuijui hata sisi.

Kuna onyo pia katika jezi maarufu kuliko zote. Diego Maradona alibadilishana jezi na Mwingereza Steve Hodge baada ya mechi ya 1986 kule Mexico. Hodge aliihifadhi, kisha kwa miaka mingi akaiazimisha makumbusho ya taifa ya soka ya Uingereza, watoto wakapanga foleni kuitazama. Mwaka 2022 ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7 na ikatoka pale ukutani. Alikuwa na haki yake, jezi ilikuwa mali yake. Lakini kitu cha kuazima kina mlango wa kutokea. Anayetaka kumkumbuka mtu atoe kabisa, kwa karatasi, iandikwe kwamba kitu hiki hakiuzwi, hakirudishwi, na endapo mahali kilipo patafungwa, kinahamia wapi. Bila karatasi hiyo, kiongozi wa kesho atakigawa kama kuku wa sherehe.

Karatasi nyingine inayotakiwa ni ya ushahidi. Biashara ya sahihi za wanamichezo imejaa za kughushi, na nchini Marekani idara ya upelelezi, FBI, iliwahi kufanya msako mkubwa dhidi ya waghushi hao. Dawa yake ni rahisi na haigharimu: mchezaji apigwe picha akiwa ameshika kalamu, iandikwe tarehe, mahali na mechi ambayo jezi ilivaliwa, na picha hiyo ikae pamoja na jezi. Simu ya mkononi inatosha.

Tena jezi haifuliwi. Najua mama zetu hawatapenda, lakini jasho la mechi ni sehemu ya kitu, na maji huondoa wino. Isitundikwe dirishani, kwa sababu jua hula sahihi polepole mpaka siku moja unakuta kitambaa kitupu. Isibandikwe kwa gundi wala isipigiliwe misumari; ishonwe kwa uzi kwenye kitambaa cha pamba, kisha iwekwe nyuma ya kioo kisichoigusa. Huku kwetu kuna unyevu, kuna nondo, kuna vumbi jeusi la volkano ambalo anayeishi Goma halihitaji kuelezwa. Fremu nzuri ya seremala wa Kiwanja, yenye mgongo uliozibwa vizuri, inaweza kazi hiyo.

Jezi zipi? Nina usiku mmoja akilini. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono mwingine wakafanya bastola kwenye panja. Walikuwa wanazungumzia vita vya huku Kivu. Walikuwa wanamzungumzia mtu wa Rutshuru, wa Masisi, wa Nyiragongo, mbele ya dunia iliyokuja kutazama mpira tu. Walifungwa 1-0. Mimi nilikuwa kwenye chumba kilichojaa watu mbele ya televisheni moja, na nakumbuka kwamba bao lile halikuliza watu kama ule wimbo ulivyowaliza.

Kati ya jezi zilizovaliwa usiku ule, moja tu, yenye sahihi za kikosi kizima, ikipewa mji wa Kivu kwa jina la Ndaye Mulamba, ingeunganisha mambo mawili yaliyotengana kwa miaka 50. Ndaye naye alikuwa mtu aliyefukuzwa na bunduki. Walichokionyesha nahodha Chancel Mbemba na wenzake usiku ule kwa vidole, yeye alikibeba mguuni.

Nasikia swali kabla halijaulizwa: kweli kioo na jezi vipelekwe Kiwanja? Novemba 2008, katika siku mbili, watu wasiopungua 150 waliuawa hapa, kwa hesabu ya Human Rights Watch. Oktoba 2022 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Watu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria, godoro akiweza. Nani atabeba fremu?

Swali hili nalijua kwa ndani. Baba yangu mdogo alikuwa na picha ya Leopards wa 1974, imekatwa gazetini, imebandikwa ukutani kwa uji wa muhogo. Ukimtembelea, kabla ya chai alikutajia wote, mmoja mmoja, kwa kidole: Kazadi mlangoni, Bwanga, Lobilo, Kidumu nahodha, Kakoko, Mayanga, na kidole kikifika kwa Ndaye kilisimama muda mrefu kidogo. Tulipokimbia tuliiacha. Tuliporudi ukuta ulikuwepo, picha haikuwepo. Alikaa kitako akatazama pale mahali, akasema: “Basi sasa ninyi mtanisikiliza kwa masikio tu.” Tulimsikiliza. Miaka ikapita, akafa, na leo katika wale ndugu zangu niliokuwa nao chumbani sidhani kama watatu wanaweza kumaliza orodha ile.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mahali ambapo watu hukimbia ndipo vitu vya kumbukumbu vinapohitajika zaidi, ila visiwe kimoja na visikae mahali pamoja. Jezi moja ikae Makumbusho ya Taifa kule Kinshasa, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2019, penye walinzi na chumba kikavu. Nyingine ikae Goma. Kiwanja wapewe ya kwao, yenye sahihi za kweli, sio nakala ya karatasi, ikae katika shule au jumba la vijana. Na picha za zote zisambazwe kwenye simu za watu mpaka zisiweze kupotea. Ikija siku ya kukimbia, fremu ivunjwe, jezi ikunjwe. Jezi ni kitu chepesi. Inaingia ndani ya kitenge pamoja na mtoto.

Hata walio mbali wana mchango wao. Wakongomani wa Brussels, Paris na Cape Town wana jezi zilizotiwa sahihi walizopewa nje ya viwanja, zimelala kabatini. Watoto wao waliozaliwa huko wengi hawatajua sahihi ile ni ya nani wala kwa nini baba aliitunza. Heri itolewe aliyeipata akiwa bado anaweza kusimulia aliipataje, na masimulizi hayo yarekodiwe, kwa Kiswahili au Lingala au Tshiluba, kwa sauti yake. Sahihi bila masimulizi ni mchoro tu.

Jumapili iliyopita nilisimama tena kando ya uwanja. Nikamwonyesha kijana mmoja, kama wa miaka kumi na miwili, picha ya Ndaye kwenye simu: jezi ya kijani yenye kichwa cha chui kifuani. Akaishika simu kwa mikono miwili.

“Mzee, huyu njo nani?”

Nikamwambia. Nikamwambia na mabao. Akayahesabu kwa vidole, akabakiwa na kimoja. Kisha akauliza kama jezi ile inauzwa sokoni, na kama ina jina mgongoni. Nikamjibu kwamba zamani zile migongo haikuandikwa majina, ilikuwa namba tu.

Kibandiko cha chini ya fremu nimekwisha kukiandika, maana neno likikosewa hapo litakosewa kwa miaka mingi. Atakayepata jezi akichukue kama kilivyo:

Pierre Ndaye Mulamba. Luluabourg 1948, Johannesburg 2019. Alivaa namba 13. Mabao 9, Misri, Machi 1974. Alitolewa uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni 1974 kwa kosa ambalo hakulifanya. Alinyamaziwa dakika moja Burkina Faso mwaka 1998 akiwa hai. Jezi hii ilitiwa sahihi kwa ajili yake na wachezaji wa Kongo. Picha ya siku hiyo iko nyuma ya fremu.